Malezi ya Nyumbani: Mtoto wa Nyumba Mbili



Mwezi huu tumeona vema kujibu barua moja, kwa kuwa neno lililomo ndani yake lahusu nyumba nyingi kuliko ile iliyoleta barua. Aliyeandika ni mama Msambaa, mbatizwa, na bwana wake ni mtu wa Ujerumani aliyekuja katika nchi hii kwa kazi. Walifunga ndoa kanisani, na Mungu amewapa mtoto mmoja mwanamume, ambaye sasa ana miaka 11. Mama atuambia ya kuwa kijijini kwa bibi yake watoto humwita kijana huyo Mzungu, na wengine humfuata nyuma njiani wakiliimba neno hilo. Na walipokwenda Ujerumani kuwaamkia wazazi wa baba, watoto wa huko walimwuliza ametoka wapi. Akawaonyesha nyumba ya babu yake, hawakuridhika, wakamwuliza tena ametoka wapi hasa. Tangu waliporudi, bibi yake akimwita kwa Kisambaa haitiki ila kwa Kiswahili, na siku moja alimwambia mama yake kwamba yeye hana kwao popote. Mama asema neno hilo limemnyima usingizi.

Tena nyumbani hawapatani juu ya dawa yake. Baba asema, Tungoje akue, atachagua mwenyewe awe mtu wa wapi. Bibi asema, Mtoto huyu ni wetu, ya Ulaya yaacheni huko Ulaya. Na majirani wa mjini wamshauri mama asimpeleke tena kijijini, asije akaumizwa kwa maneno. Mama atuuliza amsikilize nani katika hao watatu.

Jambo hili si dogo. Mtoto asemaye hana kwao amekwisha kuanza kutafuta kwao, naye atakwenda po pote atakapofunguliwa mlango, uwe mlango mwema au mbaya. Kwa hiyo twaomba msome kwa uangalifu, hata ninyi ambao watoto wenu ni wa kabila moja, maana watoto wenu ndio wachezao naye.

Tuanze na majina, kwani maumivu ya mtoto huyu yaliingia kwa njia ya jina. Wazee wa pwani walikuwa na neno suriama kwa mtu wa namna hii. Neno hilo latokana na suria, yaani mwanamke mtumwa aliyewekwa nyumbani na bwana wake. Basi amwitaye mtoto wa ndoa halali suriama amemtukana mama yake, hata kama mwenyewe hajui alisemalo. Siku hizi wengi husema chotara, nao hawana nia mbaya. Lakini neno hilo hilo twalitumia kwa mbuzi wa maziwa, na kuku, na mbegu za mahindi zilizochanganywa ili zizae zaidi. Mtoto mwenye akili hulisikia sokoni na shambani, kisha hulisikia likiambatana na yeye mwenyewe, naye huyapima hayo moyoni. Hatusemi ya kuwa kila mwenye kulitamka ana dhambi. Twasema kwamba katika nyumba ya Kikristo mtoto aitwe kwa jina lake alilobatizwa, na mgeni akiuliza ni mtoto gani huyu, ajibiwe kama tujibuvyo juu ya mtoto mwingine ye yote: ni mwana wa fulani na fulani. Jibu hilo ni la kweli, tena latosha.

Na hapa twataka kuwaonya wale wanaompenda mtoto kupita kiasi kwa ajili ya rangi yake. Twajua nyumba ambamo mtoto wa namna hii akifika hupewa kiti, na binamu zake wakae mkekani. Hupewa mnofu, nao mchuzi. Hawatumwi maji, kwa kuwa mikono yake ni laini. Na nywele zake hushikwashikwa na kila apitaye. Watu hudhani hiyo ni heshima. Lakini mtoto aona wazi kwamba amewekwa mbali. Tena wale binamu zake wajifunza siku hiyo ya kuwa weusi wao una bei ndogo, na kesho watamlipa yeye kwa kumtenga mchezoni. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo twaisema kumchokoza mgeni aliyekaa sana. Lakini itazameni kwa upande wa pili, nanyi mtaona ya kuwa jembe ndilo alama ya mtu wa nyumbani. Asiyepewa jembe amebaki mgeni, hata akikaa miaka 10.

Sasa na tufungue Maandiko, tuone kama neno hili ni jipya. Si jipya. Yusufu alipokuwa Misri alipewa mke, jina lake Asenathi, binti wa kuhani wa mji wa Oni, naye akamzalia wana wawili, Manase na Efraimu. Walizaliwa ugenini, mama yao Mmisri, na babu yao wa upande wa mama ni kuhani wa miungu ya Misri. Mzee Yakobo alipokuwa karibu kufa, macho yake yamefifia, Yusufu alimletea vijana hao. Twasoma katika Mwanzo, sura ya 48, ya kuwa Yakobo aliwakumbatia na kuwabusu, akasema mbele ya baba yao kwamba hao wawili watahesabiwa kuwa wake, sawasawa na Reubeni na Simeoni, wazaliwa wake wa kwanza. Angalieni alivyofanya yule mzee. Hakungoja wajukuu wachague. Wala hakuwadai kwanza wamkane mama yao. Alitamka neno mbele ya mashahidi, akaweka mikono yake juu ya vichwa vyao, na neno hilo likawa na shamba ndani yake. Maana nchi ilipogawanywa baadaye, wana wa Efraimu na wana wa Manase walipata fungu lao kati ya ndugu zao. Hivyo ndivyo mtoto apatavyo kuwa mtu wa mahali: mkubwa wa nyumba asema wazi, na neno lake hufuatwa na fungu.

Tena mkumbukeni Timotheo wa Listra. Mama yake, Eunike, alikuwa Myahudi aliyeamini, na baba yake Myunani. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, twasoma ya kuwa hakuwa ametahiriwa hata alipokuwa kijana mkubwa, na Wayahudi wote wa pande zile walijua habari za baba yake. Kwa hiyo twaweza kufahamu ya kuwa mbele ya watu wa mama yake alama moja kubwa ilimpungukia. Lakini Eunike na bibi yake Loisi hawakukaa wakiililia ile iliyokosekana. Walimpa waliyoweza kumpa: walimfundisha Maandiko tangu utoto, hata Paulo alipoandika barua kwake aliitaja imani ya wale wanawake wawili kwa majina yao. Na kijana huyo ndiye aliyetumwa Thesalonike na Korintho, miji ya Wayunani, naye akaketi pia pamoja na Wayahudi. Twaliandika hili kwa ajili ya mama aliyetuletea barua, ili ajue ya kuwa kazi yake na kazi ya bibi wa mtoto ni ya kale, tena Kanisa zima limekula matunda yake.

Lakini yatupasa kusema na upande wa pili, wala tusiufiche, kwa kuwa uovu mkubwa ulitendwa katika jambo hili, na baadhi ya milango iliyotumika ilikuwa milango ya misioni. Katika Kongo, na Rwanda, na Burundi, zilipokuwa chini ya Ubelgiji, serikali iliwaona watoto wa baba Wazungu na mama Waafrika kuwa ni hatari kwa heshima ya utawala. Basi wengi waliondolewa mikononi mwa mama zao, wakapelekwa mbali, wakawekwa katika nyumba za watawa, kama kule Katende katika Kasai, na Save katika Rwanda. Wengi walibadilishiwa majina, hata wasijulikane na jamaa zao. Uhuru ulipokaribia, baadhi yao walipelekwa Ubelgiji na kupewa wazazi wengine. Hawakuhesabiwa kuwa Wazungu, wala hawakuachwa kuwa Waafrika. Walifanywa watu wa katikati, na katikati hapo hapakuwa na mama.

Mwaka 2017 maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi kwa sehemu ya Kanisa katika mambo hayo. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi mbele ya bunge kwa niaba ya nchi yake. Na tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliamua, katika shauri la wanawake watano waliochukuliwa wangali watoto wadogo, kwamba tendo hilo lilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ikaiamuru serikali imlipe kila mmoja euro 50,000. Wanawake hao walikuwa wamekwisha kuwa bibi wazee. Fedha yaweza kulipwa. Miaka ya kukua pasipo mama hairudishwi na hakimu ye yote.

Twawaambia haya kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza, sisi tuchapao gazeti kwa mashine ya misioni hatuwezi kufundisha malezi huku tukinyamazia jambo kama hilo. Sababu ya pili, mkitazama sana mtaona ya kuwa wale wakubwa waliotenda vile walianza na wazo moja dogo, ambalo hata watu wema hulishika: kwamba mtoto wa namna hii hana budi kuwekwa upande mmoja, na upande wa pili ukatwe. Bibi mpenzi wa milimani hafanani kabisa na serikali ile. Yeye asema kwa upendo. Hata hivyo, asemapo ya Ulaya yaachwe huko Ulaya, ameshika kisu kile kile kwa mpini mwingine. Nusu ya uso wa mtoto huyo ni uso wa baba yake. Akiambiwa kwamba upande ule si kitu, atajitazamaje katika kioo?

Mtauliza, je, yuko mtoto wa namna hii aliyepokewa na watu wa baba na mama bila kukatwa? Wako wengi, wala majina yao hayakuandikwa. Lakini tuwape habari moja iliyoandikwa. Seretse Khama alikuwa mrithi wa uchifu wa Bangwato, katika nchi iitwayo leo Botswana. Babu yake, Khama wa Tatu, alikuwa mfalme Mkristo ajulikanaye sana katika habari za misioni. Seretse alikwenda Uingereza kusoma sheria, akampenda Ruth Williams, Mwingereza. Walitaka kufunga ndoa kanisani, lakini Askofu wa London hakukubali pasipo idhini ya serikali. Basi wakafunga ndoa ya serikali mwezi wa Septemba 1948. Mjomba wa mtu si lazima awe baba yake, lakini huku baba mdogo wake, Tshekedi, ndiye aliyemlea na kumshikia kiti, naye aliipinga ndoa hiyo kwa nguvu. Mara mbili watu walikusanyika barazani Serowe na hawakuikubali. Mara ya tatu, mwezi wa Juni 1949, baada ya kusema na kusikilizana kwa siku kadhaa, walio wengi walisimama wakamkubali Seretse pamoja na mke wake. Mwaka ule ule wa 1949 Afrika ya Kusini ilitunga sheria ya kuzuia ndoa za Wazungu na watu wengine. Serikali ya Uingereza, kwa kuiogopa Afrika ya Kusini, ikamzuia Seretse asikae katika nchi yake hata mwaka 1956.

Wakiwa uhamishoni, mwaka 1953, walizaliwa mtoto mwanamume. Wakampa jina la baba yake, Seretse, ambalo maana yake ni udongo unaounganisha, wakampa na jina la Kiingereza, Ian. Hata leo ajulikana kwa majina yote mawili. Mwaka 1979 Bangwato walimtawaza mtoto huyo kuwa chifu wao, na tangu mwaka 2008 hata 2018 alikuwa Rais wa Botswana. Hatuyasemi haya ili kuyasifu au kuyalaumu matendo ya utawala wake. Hayo wana wa nchi ile wayapime wenyewe. Twataka mlione lile baraza la Serowe. Watu wa kawaida, wakulima na wachungaji wa ng'ombe, waliulizwa kama damu ya mgeni yaweza kukaa katika nyumba ya chifu wao, nao baada ya kufikiri walijibu kwamba yaweza. Walijibu hivyo mtoto huyo hajazaliwa bado, naye alipokuja alikuta amekwisha kutayarishiwa mahali.

Na wako wengine ambao hawakupata baraza kama lile, wakaachiwa mama peke yake. Wazee wa Unguja walijua habari za Seyyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa sababu ya mfanya biashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Akabatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily, akaolewa naye, wakaenda kukaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya gari la reli ya mjini, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, mbali na ndugu zake wote. Alipozuru Unguja mwaka 1885, kaka yake Sultani Barghash hakukubali kumpokea. Mama huyo alikuwa na kila sababu ya kuwaficha watoto wake habari za kwao, ili wawe Wajerumani tu wasiulizwe kitu. Hakufanya hivyo. Aliona watoto wake wanajua machache mno juu ya asili yake, akaanza kuandika maisha ya utoto wake ili wao wajue, na maandiko hayo yalipigwa chapa mwaka 1886. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1869, alikuwa na jina la Rudolph na tena jina la Said, la babu yake ambaye hakumwona. Mwaka 1929, akiwa mtu mzima wa miaka 60, alitoa kitabu juu ya maisha ya babu yake huyo. Mama alimpa habari; mwana akaishika, akaiendeleza kwa mkono wake.

Basi, dada yetu, tumekwisha kukujibu nusu. Baba asema ngoja achague. Twamwomba atusamehe, kwani amechanganya mambo mawili. Liko jambo ambalo mwanawe atalichagua kweli, nalo ni uraia. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Mtoto mwenye haki ya uraia wa nchi mbili hana budi kuamua afikapo miaka 18. Jambo hilo lishughulikieni mapema, mkaulize katika ofisi ya uhamiaji, mkaweke vyeti vyake vyote pamoja, msije mkakimbizana na tarehe. Huko Kenya, tangu Katiba ya mwaka 2010, raia aweza kuwa na uraia wa nchi nyingine pia. Kwa hiyo msisikilize ushauri wa mtu wa nchi jirani mkadhani ndio sheria ya kwetu. Lakini cheti cha kusafiria si ukoo. Mtoto hachagui kama bibi yake ni bibi yake. Ukimwambia mtoto wa miaka 11 achague kati ya kwa mama na kwa baba, umemtwika mzigo ambao wewe mwenyewe ulipoulizwa mbele ya madhabahu hukuubeba. Maana siku ile hamkuambiwa mchague, mliunganishwa.

Na wale majirani wasemao asipelekwe kijijini, twaona wamekosea zaidi ya wote. Mtoto akiondolewa mahali anapotaniwa, atajifunza ya kuwa wataniaji walisema kweli. Apelekwe, tena mara nyingi zaidi, tena akae siku nyingi, wala asiende kama mtalii wa siku moja na zawadi za pipi. Bibi ampe jembe lake mwenyewe, na mgomba wake, na kuku wake, hata watoto wengine waseme, Kuku yule ni wa fulani. Atumwe maji kama wenzake. Akikosa, aonywe kama wenzake. Babu au mjomba amwonyeshe makaburi ya wazee, amweleze huyu alikuwa nani na yule alikuwa nani. Na siku moja, mbele ya jamaa na mwalimu wa Kanisa, mkubwa wa ukoo atamke wazi ya kuwa mtoto huyu ni mjukuu wa nyumba hii, asije mtu akamwita mgeni. Msiwachape wale watoto waimbao njiani. Waiteni wale wali pamoja naye, mwaeleze baba yao na mama yao. Wimbo wa namna hiyo huisha wakati mwimbaji apatapo jina jingine la kumwita mwenzake.

Juu ya Kisambaa, msimlazimishe kwa ukali. Mtoto huyo hakukataa lugha, amekataa kuchekwa. Bibi aendelee kumsemesha kwa lugha yake, na akijibu kwa Kiswahili apokee jibu kwa furaha. Ampe hadithi za jioni kwa Kisambaa, na salamu, na majina ya mimea na ndege. Baba naye ajifunze kuwasalimu wakwe zake kwa Kisambaa, hata akikosea na watu wakicheka. Mwana atakapomwona baba yake akichekwa naye hakimbii, atapata moyo. Na nyumbani baba amsemeshe kwa lugha yake mwenyewe, amfundishe kuwaandikia babu na bibi wa Ujerumani kwa mkono wake, na awaambie wazazi wake waziwazi lile aliloulizwa mtoto huko, ili safari ijayo babu amshike mkono, ampeleke kwa majirani na kanisani, aseme, Huyu ni mjukuu wangu. Kama vile bibi wa milimani alivyo na kazi yake, babu wa Ulaya naye ana yake.

Sasa lile neno kubwa: yeye asema hana kwao. Mama, usimjibu kwa hotuba ndefu, wala usilie mbele yake. Mwambie unako kwenu mahali pawili, nasi tutakupeleka kote kuwili. Tena mwambie kweli ya pili, kwamba watu wataendelea kumwuliza, hapa na huko, na maswali hayo hayatakwisha akiwa mtoto wala akiwa mtu mzima. Mfundishe jibu fupi la heshima, na mfundishe pia ya kuwa si lazima amjibu kila aulizaye. Na akiwa kijana, zipo siku ambazo ataupenda upande mmoja na kuuchoka mwingine. Siku hizo msimshitaki kwamba amewasaliti. Mwacheni apite, milango yote miwili ikiwa wazi.

Tena ninyi wazazi mnayo elimu moja ambayo hamkuikumbuka. Wengi wetu tusomao gazeti hili tuliongoka katika nyumba za watu wasioamini. Siku tulipobatizwa wako jamaa waliotuambia kwamba sisi si wao tena. Na tulipoingia kanisani wako waliotutazama kama watu wa jana. Tulikula sikukuu ya Kanisa, kisha tukaenda matangani kwa wazee wetu, tukijiuliza tukae upande gani wa ua. Hata hivyo hatukuacha kuwa wana wa baba zetu, wala hatukuacha kuwa wana wa Mungu. Tulijifunza polepole mambo ya kushika na ya kuacha, na namna ya kusalimu kila nyumba. Mtoto huyu yumo katika njia ambayo wazazi na babu zetu waliipita. Mwelezeni habari hiyo. Mama amsimulie siku aliyobatizwa, na maneno aliyoambiwa na wa kwao, na jinsi yule bibi ambaye mwanzoni alikasirika alivyokuja siku ya pili na kikapu cha maharagwe, kama tulivyosoma katika barua yake. Kijana akisikia ya kuwa mama yake naye aliwahi kusimama kati ya nyumba mbili, na kwamba hakuanguka, hatakuwa peke yake tena.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Neno hilo ni kweli, na mtoto mwenye asili mbili lamhusu mara mbili: asiziache zote mbili, wala asinyang'anywe hata moja.

Twaomba wasomaji wetu wamkumbuke kijana huyu katika sala, pamoja na wazazi wake na bibi yake. Na ninyi mlio jirani na nyumba kama hiyo, likizo ikija, mwiteni mtoto kwa jina lake, mpeni mpira acheze na wenzake, na jioni mtumeni kuni pamoja nao.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaandika juu ya baba afanyaye kazi mbali na nyumbani, na namna ya kuwalea watoto kwa barua na simu. Mungu awabariki katika nyumba zenu.